Redio ya Setilaiti Garini: Anzia Barabarani, Malizia kwenye Mkataba

Tunazungumzia chombo ambacho ukiwa Dodoma, Nakuru au Bukavu hukikuti dukani, na hata ndugu akikutumia kama zawadi kitakaa kabatini tu. Lakini kama uko Marekani au Kanada, na zaidi kama riziki yako iko nyuma ya usukani wa lori, umeshakiona: redio ya gari inayopokea matangazo kutoka setilaiti. Wasikilizaji wetu wengi wa huko, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, wamo katika kazi hiyo ya barabara ndefu, na swali lao huwa moja: ninunue au nisinunue, na nikinunua niifunge vipi?

Wengi huanzia dukani kwa kuuliza bei. Mimi nawashauri waanzie barabarani. Barabara unayoipita kila wiki ndiyo itakayokuambia kama setilaiti unaihitaji, na ndiyo itakayokuambia antena ikae wapi. Ukishamaliza hapo, usome mkataba wa malipo kabla ya kutoa kadi ya benki, maana bei ya chombo ni ndogo; fedha nyingi hutokea kwenye malipo ya kila mwezi. Dukani uende mwisho.

Kwanza tuelewane kinavyofanya kazi. Redio ya FM hupokea mawimbi kutoka mnara uliojengwa mjini au juu ya kilima. Ukiuacha mnara huo nyuma kilomita themanini au mia, sauti inaanza kukwaruza, kisha stesheni nyingine inaingia juu yake. Redio ya setilaiti mnara wake uko angani, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Setilaiti inazunguka sambamba na dunia, kwa hiyo ukiitafuta usiku au mchana iko palepale, na kutoka huko juu inafunika sehemu kubwa ya Amerika ya Kaskazini. Dereva akiondoka Maine kwenda California, chaneli aliyoifungua siku ya kwanza ndiyo hiyo hiyo anayoisikia anapoiona bahari ya Pasifiki.

Kwa msikilizaji wa nyumbani, chukulia kwamba ni king'amuzi cha televisheni kilichoondolewa picha kikapandishwa garini. Kina namba yake, kina kifurushi cha kulipia, na usipolipa chaneli zinafungwa. Lakini king'amuzi cha nyumbani kina dishi linalotazama upande mmoja mwaka mzima, na gari linageuka kila dakika. Ndiyo maana antena ya redio hii ni ndogo, inaenea kwenye kiganja, na imetengenezwa ipokee kutoka pande nyingi za anga. Tofauti nyingine ni mvua. Televisheni nyingi za setilaiti hutumia masafa ya juu sana, ambayo mvua kubwa huyadhoofisha, na ninyi mashabiki wa mpira mnajua picha inavyoganda mvua ikishuka. Redio hii hutumia masafa kati ya megahezi 2320 na 2345, na huko mvua haina nguvu hiyo. Adui zake ni wengine: jengo refu, mlima, daraja, paa la maegesho ya chini ya ardhi, msitu wenye majani mabichi yaliyolowa, na theluji iliyoganda juu ya antena yenyewe.

Historia yake inatuhusu pia sisi Waafrika. Kabla Mmarekani hajasikia redio ya setilaiti garini mwake, setilaiti ya redio ilikuwa tayari juu ya Afrika. Kampuni ya WorldSpace, iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha AfriStar tarehe 28 Oktoba 1998 kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Baadhi yenu mtazikumbuka redio zake, zilizotengenezwa na Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo, zikiwa na kijiantena ulichopaswa kukielekeza upande ilipo setilaiti. Ukikielekeza vizuri, sauti ilikuwa safi kabisa. Lakini zilikuwa redio za kukaa nazo mezani, kwani hapakuwa na mtandao wa minara ya ardhini wa kumsaidia mtu aliye katika mwendo. Oktoba 2008 WorldSpace ilikwenda mahakamani kuomba kulindwa dhidi ya wadai wake, na baada ya hapo huduma ikazimika.

Marekani walikwenda njia nyingine, wakaanza na gari. Mwaka 1997 kampuni mbili zilinunua leseni kwa mnada, kila moja ikilipa zaidi ya dola milioni 80. Moja, XM, ilipanga kufungua matangazo tarehe 12 Septemba 2001. Mashambulizi ya Septemba 11, siku iliyotangulia, yakaahirisha shughuli hiyo hadi tarehe 25. Nyingine, Sirius, ikaanza tarehe 14 Februari 2002. Zikashindana kwa kuwanunua watangazaji maarufu na haki za michezo, mpaka hasara ikazielemea zote mbili, na Julai 2008 zikaungana kuwa SiriusXM. Tangu siku hiyo Marekani ina kampuni moja tu ya redio ya setilaiti. Likumbuke hilo, msikilizaji, maana tukifika kwenye bei utaona uzito wake.

Kilichowawezesha kutangaza kwenye gari linalokwenda ni mbinu mbili. Mijini walijenga minara ya nyongeza, ili gari likipita katikati ya maghorofa ya Chicago au New York lipokee kutoka ardhini anga linapozibwa. Na upande wa XM, setilaiti mbili zilirusha matangazo yaleyale, moja ikiwa nyuma ya mwenzake kwa sekunde chache. Ukipita chini ya daraja, kipande ulichokikosa kutoka setilaiti ya kwanza redio inakichukua kutoka ya pili, nawe husikii pengo lolote. Ila ukisimama chini ya daraja hilo kwenye foleni, mbinu hiyo haikusaidii tena, na kimya kitakachofuata si ubovu wa redio.

Sasa turudi barabarani. Kama wewe ni muuguzi Minneapolis, unatoka nyumbani kwenda hospitali dakika ishirini na kurudi, sioni sababu ya kununua chombo hiki. Simu yako inatosha. Mtandao upo njia nzima, muziki upo, na matangazo ya Kiswahili unayapata kwenye intaneti, wakati kwenye setilaiti hii chaneli ya Kiswahili usiitarajie. Dereva wa teksi wa Dallas naye namweka kwenye kundi hilohilo. Atakuwa analipia kitu ambacho tayari anacho mfukoni.

Kama unavuka Wyoming kwa barabara kuu namba 80, au unapita Nevada kwa barabara namba 50, au kazi yako iko Montana na magharibi ya Texas, hapo hesabu inabadilika. Mtandao wa simu hufuata watu. Mahali pasipo na watu hauna haraka ya kufika. Utakuta vipande virefu ambako simu haina hata mstari mmoja, na FM imebaki na stesheni moja ya mahubiri na moja ya bei za mifugo. Huko setilaiti inaifanya kazi yake bila kuuliza kuna kijiji au hakuna. Na ndani yake kuna vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya dereva: chaneli namba 146, Road Dog Trucking, huzungumzia kazi ya malori tangu asubuhi, kuanzia hali ya barabara hadi sheria za saa za kuendesha. Mpenzi wa soka naye ana chaneli yake, SiriusXM FC. Kwa mtu anayelala kwenye lori siku kadhaa kwa wiki, sauti ya mtu anayezungumza ni dawa dhidi ya usingizi na upweke.

Kuhusu mipaka, huduma hii imekusudiwa majimbo 48 yaliyoungana ya Marekani pamoja na Kanada. Hawaii haipokei kutoka angani. Kanada ina kampuni yake, SiriusXM Canada, na akaunti zake, kwa hiyo kama umehamia Toronto kutoka Ohio, usidhani akaunti ya zamani itakufuata yenyewe.

Tuseme barabara imekubali. Uchague chombo gani? Viko vya namna tatu.

Cha kwanza huenda unacho tayari. Magari mengi yaliyouzwa Marekani miaka ya karibuni yana kipokeaji cha setilaiti ndani ya redio yake. Kabla hujatumia hata senti, washa redio, tafuta kitufe chenye maandishi SAT, XM au SXM, kisha nenda chaneli namba 0. Kipokeaji kikiwepo na kikiwa kizima, kitaonyesha namba yake ya utambulisho. Kwa vya upande wa XM ni herufi na tarakimu 8. Kwa vya upande wa Sirius ni tarakimu 12. Iandike vizuri. Namba hizi hazitumii herufi I, O, S wala F, kwa hiyo ukiona duara ujue ni sifuri. Na kama umenunua gari lililotumika kwa muuzaji anayeshirikiana na kampuni, muulize kuhusu miezi ya majaribio ya bure, kwani mara nyingi ipo. Magari mapya zaidi yana mfumo uitwao 360L, ulioanza na Ram 1500 ya mwaka 2019, unaochanganya setilaiti na intaneti katika redio moja.

Cha pili ni kidude cha kupachika kwenye dashibodi, kama vile vya Onyx au Roady. Kina kioo chake, vitufe vyake, antena yake ya sumaku na waya wake wa umeme. Hiki ndicho ninachomshauri dereva wa lori la kampuni. Lori si lako. Leo umepewa hili, mwezi ujao lile, na mwenye lori hataki ufumue dashibodi yake. Unakichomoa, unakitia kwenye begi, unakwenda nacho. Ukinunua kitako cha pili na antena ya pili, unaweza kukitumia pia kwenye gari la nyumbani kwa malipo yaleyale ya kifurushi kimoja.

Cha tatu ni kisanduku kidogo kinachofichwa nyuma ya redio ya gari, na redio yenyewe ndiyo inayokiongoza kwa vitufe vyake. Kinachouzwa zaidi kinaitwa SXV300. Kinafaa gari lako mwenyewe, kama umeamua kubadilisha redio. Hapa kuna mtego: maboksi mengi ya redio yameandikwa SiriusXM-Ready. Maandishi hayo yanakuambia redio iko tayari kuunganishwa na kisanduku. Kisanduku chenyewe na antena yake hununuliwa kando. Watu wengi hugundua hilo fundi akiwa ameshafungua dashibodi. Muulize muuzaji swali moja tu: ndani ya boksi hili kipokeaji cha setilaiti kimo?

Ukinunua kilichotumika, kwa jirani au sokoni, omba kwanza namba ya chaneli 0, kisha uipigie kampuni uwaulize kama namba hiyo haina deni wala kizuizi. Anayekataa kukuonyesha namba ana jambo analolificha, nawe ondoka.

Sasa tufike kwenye antena, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu lawama nyingi zinazorushiwa chombo ni za antena iliyokaa vibaya.

Antena hii inataka kuona anga. Mahali pake ni juu ya paa la gari, nje, kwenye bati tupu. Iweke angalau inchi 3 kutoka ukingo wowote wa paa, mbali na antena nyingine na mbali na vyuma vya kubebea mizigo. Bati lililo chini yake linaisaidia kupokea, ndiyo maana pembeni kabisa ya paa si pazuri. Usiiweke ndani juu ya dashibodi kwa kuogopa wezi. Vioo vingi vya siku hizi vina utando wa madini wa kuzuia joto, na utando huo huyazuia mawimbi pia. Na hata kioo kisipokuwa nao, paa linaziba nusu ya anga.

Jambo la pili ni dira. Setilaiti ziko juu ya ikweta, nawe uko kaskazini yake, kwa hiyo daima ziko upande wako wa kusini. Kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo zinavyoonekana chini zaidi kwenye upeo. Ukiegesha Minnesota au Montana ukiwa na jengo au mlima upande wa kusini, utapata kimya. Sogea upande wa pili wa maegesho na sauti itarudi. Dereva wa lori ana shida ya ziada. Trela lake lina urefu wa kwenda juu wa futi 13 na nusu, na limesimama nyuma ya mgongo wake. Akielekea kaskazini, trela liko kusini yake, yaani limeziba mahali hasa mawimbi yanapotokea. Antena ya sumaku iliyowekwa chini ya kivuli cha trela itakata sauti akienda na kuirudisha akirudi, naye atadhani redio imerogwa. Kwa malori ziko antena za kufunga kwenye vioo vya pembeni, nyingine zikiwa jozi, moja kila upande, ili trela likiziba moja nyingine ione. Isitoshe, paa la kibanda cha malori mengi ni la plastiki ngumu, na sumaku haina cha kushika hapo.

Kwa gari dogo, njia nzuri ya waya ni kutoka nyuma ya paa, kupita chini ya mpira wa kioo cha nyuma hadi sehemu yake ya chini kabisa, ndipo uingie ndani ya buti. Ukiuingiza kwa juu, maji ya mvua yataufuata yaingie nawe utashangaa zulia linanuka. Kutoka kwenye buti upeleke chini ya plastiki za mlangoni mpaka mbele. Usiupitishe kwenye nguzo zenye mifuko ya hewa ya usalama. Mfuko huo ukifumuka, chochote kilicho mbele yake kinakuwa silaha. Waya ukizidi, uviringishe kwa ulegevu uufiche. Usiukunje kwa nguvu, wala usiukate kuufupisha.

Na kabla hujaficha waya wowote, jaribu kwanza. Weka antena juu ya paa, pitisha waya mlangoni, washa, sikiliza. Ikikubali, ndipo uanze kufungua plastiki. Utaratibu huo unaokoa kazi ya kufumua mara mbili.

Sauti nayo ina ngazi zake. Kisanduku cha nyuma ya redio hakina shida, kimeungana moja kwa moja. Kwa kidude cha kupachika, chagua waya wa AUX kama gari lina tundu lake. Lisipokuwepo, tumia bluetooth kwa vidude vilivyo nayo, kama Roady BT. Ikishindikana, kuna njia ya FM: kidude kinarusha sauti kwa nguvu ndogo kwenye masafa ya FM, na redio ya gari inaikamata. Njia hii mashambani inafaa, lakini ukiingia mji mkubwa masafa yamejaa, na stesheni yenye mnara itaimeza sauti yako. Itabidi ubadilishe masafa kila unapobadilisha mji. Kwa gari la zamani lisilo na AUX, fundi anaweza kukufungia kiunganishi kinachoingia kati ya antena ya FM na redio. Sauti inapita ndani ya waya na miji haikusumbui.

Umeme ni mfupi wa maelezo lakini una hatari yake. Tumia chaja iliyokuja na chombo. Vidude vingi vya sasa vinataka volti 5, na ukichomeka chaja ya zamani ya volti 12 yenye kichwa kinachofanana, kimekwisha. Angalia pia kama tundu la umeme la gari lako huzimika ukitoa ufunguo. Lisipozimika, uchomoe mwenyewe unapoegesha, hasa majira ya baridi ambapo betri ina kazi ya kutosha. Ukisikia mvumo unaopanda na kushuka pamoja na injini, ni umeme wa chaja unaoingia kwenye waya wa sauti, na madukani kuna kifaa kidogo cha bei rahisi cha kuutenganisha. Na kidude kipachike mahali ambapo hakizibi macho yako wala mfuko wa hewa. Baadhi ya majimbo yana sheria kali kuhusu vitu vinavyobandikwa kwenye kioo cha mbele.

Ili kukifungua kwa mara ya kwanza, toa gari nje ya karakana mahali penye anga wazi upande wa kusini. Washa chombo, kiache chaneli ya 1, piga simu au ingia kwenye tovuti utoe namba yako. Amri ya kukufungulia inatoka kwenye setilaiti, kwa hiyo usikizime mpaka chaneli nyingine zifunguke. Baada ya hapo jifunze kusoma kinachoandikwa kwenye kioo chake. Kikikuambia ukague antena, shida iko kwenye waya: umechomoka au umekatika. Kikisema hakuna mawimbi, waya ni mzima, anga ndilo lililozibwa.

Sasa malipo. Nilisema ukumbuke kwamba kampuni ni moja. Mtu anapouza peke yake, bei yake iliyoandikwa ni mwanzo wa mazungumzo. Bei kamili ya vifurushi vikubwa imeshapita dola 20 kwa mwezi, na juu yake inaongezwa ada ya hakimiliki ya muziki ambayo tangazo halitaji kwa sauti kubwa. Piga hesabu ya dola 20 peke yake: mwaka ni dola 240, miaka mitatu ni dola 720, na hata kidude kizuri hakifiki robo yake. Lakini watu wengi hawalipi bei hiyo. Wanaingia kwa bei ya ofa, miezi kadhaa kwa bei ya chini sana, kisha ofa inakwisha kimya kimya na kadi inaanza kukatwa bei kamili.

Kujitoa kumekuwa na kelele zake. Desemba 2023 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Letitia James, aliishtaki SiriusXM akidai kwamba iliwazungusha wateja waliotaka kusitisha huduma, kwa mazungumzo marefu ya simu na ya maandishi. Novemba 2024 jaji akaamua kwamba utaratibu huo ulikiuka sheria ya shirikisho inayotaka mteja apewe njia nyepesi ya kusitisha malipo yanayojirudia.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku unayojiunga, uliza bei ya mwisho pamoja na ada zote, na tarehe hasa ofa itakapokwisha. Tia tarehe hiyo kwenye simu yako ikukumbushe wiki mbili kabla. Siku ikifika, wasiliana nao useme wazi kwamba unataka kusitisha. Mara nyingi watakupa ofa nyingine. Ikikufaa chukua, isipokufaa shikilia neno lako mpaka upewe uthibitisho wa maandishi. Usione haya. Mahali pasipo na mshindani, nguvu pekee ya mnunuzi ni kuwa tayari kuondoka.

Nina neno pia kwa walio nyumbani. Magari kutoka Marekani yanafika Lubumbashi, Bujumbura na Kigali, miji ya nchi zinazoendesha upande wa kulia. Muuzaji akikuonyesha kitufe cha SAT akataka kuongeza bei, mwambie kitufe hicho hapa ni pambo. Setilaiti zake zinatazama Amerika ya Kaskazini, na hakuna fundi atakayezigeuza. Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari mengi yanatoka Japani, shida yenu ni ya aina nyingine: redio zinazoishia megahezi 90 za FM, zinazohitaji kijisanduku cha kubadili masafa. Hicho fundi wa mtaani anacho, na ni bei ndogo.

Hukumu yangu basi ni hii. Anayeendesha mjini abaki na simu yake. Anayevuka nyika za magharibi kila wiki, redio ya setilaiti ina thamani ya fedha yake, ilimradi achukue kidude cha kuhamishika kama lori si lake, antena aiweke mahali inapoiona kusini, na asikubali kulipa bei ya kwanza anayotajiwa. Wewe dereva unayenisikiliza, kabla ya safari ijayo andika vipande vya njia ambako simu yako hukatika. Vikiwa vichache, hifadhi fedha zako. Vikiwa vingi, sasa unajua cha kununua na namna ya kukifunga.